Tunawaambia wapunguze kile wasichonacho

Jumamosi moja asubuhi pale Soko la Majengo, hapa Dodoma, nilisimama nyuma ya dada aliyekuwa akiulizia chumvi ya pinki. Siku hiyo haikuwepo. Muuzaji akamnyoshea pakiti ya nusu kilo ya chumvi ya kawaida, ile iliyoandikwa ubavuni kwamba ina madini joto, na yule dada akairudisha kwa ncha za vidole. "Hiyo ina kemikali. Dada anayenisawazisha homoni kasema niiache kabisa." Akaishia kuchukua chumvi ya mawe kutoka kwenye gunia lililoachwa mdomo wazi juani, chini limelowa, ikapimwa kwa kopo la zamani la maziwa ya unga. Akalipa, akaenda zake ameridhika.

Kwa mwaka mmoja au miwili sasa mvurugiko wa homoni ndio ugonjwa wa mjini. Spika za wauza dawa za asili pembeni mwa Sabasaba zinautangaza kutwa. Magrupu ya WhatsApp ya akina mama, yale ya vikoba na yale ya wazazi wa shule, yanaujadili usiku. Kuna vimashine vya kushika kiganjani ambavyo kwa dakika moja vinatoa kurasa kadhaa za majibu, kuanzia ini mpaka "homoni za kike". Na tiba inafanana popote utakapokwenda: acha wanga, acha chumvi ya dukani, acha maziwa, acha kabichi, usile kitu mpaka saa nane mchana, kunywa unga wa mitishamba siku 21, punguza stress. Wasomi wetu, na madaktari wengine wakiwemo, wamelijibu wimbi hili kwa kucheka: wanawake wanaibiwa, homoni hazivurugiki hovyo hovyo. Mimi naona pande zote mbili zimejikwaa kwenye jiwe moja. Chakula kinagusa homoni za mwanamke, na mawazo yanazigusa, hilo halina ubishi. Lakini kwa wanawake wengi wa Dodoma na Singida mlango unaopitiwa ni wa upungufu: madini joto pungufu, damu pungufu, chakula kisichotosha kazi, usingizi wa vipande. Nasi tunawauzia orodha ya vitu vya kupunguza.

Nianze na tezi ya thairoidi, maana ndiyo inayotajwa sana na kueleweka kidogo. Imekaa mbele ya shingo, chini ya koromeo, umbo lake kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Inatengeneza homoni ambazo maabara huziandika T4 na T3, na namba hizo ni hesabu ya chembe za iodini katika kila molekuli: nne kwa moja, tatu kwa nyingine. Iodini ndiyo hayo madini joto. Hakuna mzizi wala unga utakaoifanya tezi itengeneze T4 bila madini hayo, kama ambavyo hakuna ufundi wa kusonga ugali bila unga. Homoni hizo ndizo zinazopanga kasi ya mwili: moyo, utumbo, joto, hata kupevuka kwa yai. Zikishuka, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hupandisha homoni yake iitwayo TSH, sawa na msimamizi anayepaza sauti kwa kibarua. Na kama malighafi haipo, kibarua hana la kufanya ila kutanuka, ili akamate hata chembe chache zinazopita kwenye damu. Kutanuka huko ndiko rovu, au goita kama wengi tunavyosema.

Nchi hii ina ushindi katika jambo hili ambao haujisifii. Miaka ya 1980 makadirio yaliweka rovu kwenye asilimia 25 hivi. Wilaya zilizokuwa na hali mbaya zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, kisha katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kulazimisha chumvi ya kula iwekwe madini joto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulipopima shingo za watoto wa shule, rovu lilikuwa limeshuka hadi asilimia 7 hivi. Semina hazikufanya hivyo, wala kliniki za homoni. Ilifanya chumvi, kitu ambacho kila jiko linacho, la mkuu wa idara kule Ilazo na la mama wa Chamwino anayepikia kuni. Ila ushindi wa namna hii una ubaya wake: kizazi kilichokua bila kuona rovu kubwa kinaitazama pakiti ya chumvi na kuona kemikali.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji 250. Chumvi ikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kilo, basi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kinabeba mikrogramu 150. Na hizo gramu 5 ndizo mpaka ambao Shirika la Afya Duniani linashauri tusiuvuke kwa ajili ya shinikizo la damu. Kwa hiyo wanaosema madaktari wanajichanganya, huku wanakataza chumvi na huku wanaisifia, hawajapiga hesabu: mtu anaweza kupunguza chumvi na bado akapata madini joto yake, mradi hicho kidogo anachokula kimewekewa. Kinachozidi kwa mjamzito hutoka kwenye maziwa, mayai na samaki wa baharini. Sisi huku bara bahari iko mbali, na samaki wa bwawa la Mtera, pamoja na utamu wake, ni wa maji baridi, hamfikii wa chumvi kwa madini haya. Sasa mwambie mwanamke wa Dodoma aache chumvi ya dukani, kisha aache na maziwa, halafu uniambie madini joto atayatoa wapi. Hata yule aliyebaki na chumvi sahihi anaweza kuyapoteza, kwa sababu jua, joto na unyevu huyala polepole. Gunia lililoachwa wazi kiangazi kizima linaweza kuwa lilitoka kiwandani na madini na likafika sufuriani bila kitu.

Hoja ya chumvi ya pinki ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo niimalize haraka. Wanasema ni ya asili. Inachimbwa kwenye miamba Pakistan, rangi yake inatokana na chembe za chuma, na madini yake mengine ni machache kiasi kwamba ungelazimika kula chumvi ya kukudhuru ndipo yakufae. Iodini yake ni kidogo mno labda iwe imeongezwa. Kinachoitwa kemikali kwenye chumvi yetu ni iodini ile ile ambayo mwili umeitegemea tangu tumboni. Ni kichekesho chenye huzuni kwamba chumvi iliyovuka bahari kwa meli inaitwa ya asili, na ile iliyovunwa pwani yetu inaitwa ya kiwandani. Upande wa pili pia kuna mtego. Wapo waliosikia kwamba thairoidi inataka iodini, sasa wanauza vidonge na unga wa mwani kama karanga. Iodini katika mwani hutofautiana sana kutoka aina moja hadi nyingine, na tezi iliyopewa kwa mkupuo inaweza kuzima au kuchachamaa, hasa kama ilikuwa na hitilafu tangu mwanzo. Tezi hii inapenda kijiko, haitaki ndoo.

Vipi kuhusu vyakula wanavyovikataza kwa jina la thairoidi? Hapa wauzaji wana punje ya ukweli, na mtu mwadilifu aikubali. Kabichi ina viambata vinavyoweza kuizuia tezi kushika iodini. Muhogo usioandaliwa vizuri hutoa sianidi ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachogombania mlango mmoja na iodini. Uwele nao, ambao kwetu huku ni ugali wa heshima, umewahi kunyooshewa kidole: watafiti waliofanya kazi Darfur, Sudan, miaka ya 1980 waliuhusisha na rovu kwa watu waliokuwa wakiula karibu kila siku. Mpaka hapo wauzaji wako sahihi. Wanapopotea ni kwenye hitimisho. Athari za vyakula hivi zinatisha pale ambapo iodini yenyewe ni haba; mtu mwenye madini joto ya kutosha anakula uwele wake na mlenda kwa karanga bila tezi kushtuka. Mwenye akili angeshauri chumvi iwe sahihi, uwele ulowekwe au unga wake uchachushwe kidogo kama bibi zetu walivyofanya kwa uji. Kinachoshauriwa ni kinyume: achana na uwele na achana na chumvi. Na kwa watu wa ukanda wenye mvua ya msimu mmoja na isiyotabirika, kuacha mtama na uwele ni kuacha mazao yanayovumilia ukame na kwenda kununua unga wa mahindi uliokobolewa, tena kwa bei ya Februari.

Jambo ninalotaka kukaa nalo zaidi ni damu. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ule wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45. Chukua orodha ya dalili zinazosomwa kwenye spika za Sabasaba: uchovu usioisha, nywele kukatika, baridi ya miguu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kichwa kizito, hamu ya tendo kupotea. Ondoa neno homoni, uweke upungufu wa damu, na orodha haitabadilika hata nukta. Tena mambo haya mawili yamefungamana. Kimeng'enya kinachobandika iodini kwenye homoni ya thairoidi kinafanya kazi kwa chuma. Mwanamke asiye na chuma anaweza kula chumvi sahihi na tezi yake bado ikashindwa kuitumia ipasavyo. Na tezi ikizubaa, hedhi inaweza kuwa nzito, hedhi nzito inamwaga chuma, na mduara unajifunga wenyewe. Hili nalijua kwa kulipia. Baada ya mtoto wangu wa pili nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana kama manyoya ya kuku, nikauziwa makopo matatu ya kusawazisha homoni kwenye duka ambalo sina haja ya kulitaja, mume wangu akawa ananiita mama makopo. Miezi minne baadaye, nikiwa nimempeleka mtoto mwenye homa, muuguzi akanitazama ndani ya kope na kuniambia nipime na mimi. Himoglobini ilikuwa 8.6. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza kama nakunywa chai ya rangi na chakula, nami nilikuwa nakunywa kila mlo. Majani ya chai hushika chuma cha mboga na nafaka kabla utumbo haujakichukua.

Mboga zetu za huku, mlenda mbichi au ule wa kukausha, majani ya kunde, mchicha, zina chuma, ila ni cha aina isiyonyonywa kirahisi. Ndimu au ubuyu pembeni husaidia, kipande cha nyama au dagaa husaidia zaidi, na chai ingojee saa nzima. Ushauri wa namna hii hauuziki. Huwezi kuufunga kwenye kopo na kuuwekea picha ya mwanamke anayecheka.

Tuje kwenye kufunga kula. Mwili wa mwanamke haupevushi yai kama mashine ya saa. Kabla ya kufanya hivyo ubongo unachungulia ghala: kuna chakula cha kulea mimba au hakuna? Ukihisi hakuna, unapunguza mapigo ya homoni yanayoamrisha ovari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake vijana wenye afya, chakula chao kikishushwa chini ya kiwango fulani kulingana na matumizi ya mwili, mpangilio wa mapigo hayo ulivurugika ndani ya siku tano. Siku tano tu, wala hawajakonda. T3 nayo hushuka mwili ukinyimwa chakula, kwa sababu mwili unapunguza moto wa jiko ili kuni zifike asubuhi. Huku Ugogo tunakokumbuka Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, na ambako wazee bado wanahesabu miaka kwa njaa zake, isingepasa tuelezwe kwamba mwili wenye njaa unaahirisha mambo. Ila tunaelezwa, maana njaa imebadilisha nguo. Leo inavaa jina la programu, inafuatwa na binti wa chuo anayekula chipsi mayai mara moja kwa siku, au na mama lishe anayesimama tangu saa kumi alfajiri akiwapikia mafundi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, na yeye mwenyewe anakula saa tisa mchana kilichobaki. Siku zake zikipotea anaambiwa homoni zimevurugika, aongeze mfungo.

Najua jibu litakalokuja, na si jibu la kipuuzi: mbona kuna wanawake walioacha sukari na wanga, wakapungua, hedhi ikarudi, hata mimba ikashika? Ni kweli. Kuna hali ambayo ovari hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, mayai hayapevuki kwa mpangilio, chunusi na ndevu zinatokea, na mara nyingi insulini iko juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi hivi wa umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Kwa hawa, wenye uzito uliozidi, kupungua hata asilimia 5 ya uzito kunaweza kurudisha mzunguko. Ofisi zetu mpya zimejaa watu wanaokaa kutwa na kunywa soda mbili, kwa hiyo wapo, na idadi yao inakua. Lakini huyu na yule mama lishe wanatofautiana kama kiangazi na masika. Tiba ya mmoja ni sumu kwa mwenzake, ingawa wote wawili watasema sentensi moja: "sioni siku zangu." Kosa la programu za homoni ni kumpa kila mwenye sentensi hiyo karatasi moja iliyotolewa fotokopi.

Kuna wengine ambao siku zao zimepotea kwa sababu hata isiyohusiana na chakula. Wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango au kijiti hutegemewa kabisa kuona mabadiliko ya hedhi, ikiwa ni pamoja na kukosa. Wanaopaka mkorogo wenye steroidi kali mwili mzima, mwaka baada ya mwaka, wanaweza kuzima tezi zao za juu ya figo. Hapo homoni zimevurugika kwelikweli, na aliyezivuruga yuko kwenye kopo la krimu juu ya kabati. Sijasikia spika hata moja ikiuliza unapaka nini. Dawa za nywele za kumeza zenye biotini kwa wingi nazo zina vituko: zinaweza kudanganya baadhi ya mashine za maabara, majibu ya thairoidi yakasoma kana kwamba tezi imechachamaa wakati haina neno. Mwambie daktari unazimeza, na uziache siku mbili au zaidi kabla ya kupima.

Nimeacha mawazo mpaka sasa kwa makusudi, maana hapo ndipo madaktari wetu nao wanapokosea. Kwamba msongo unagusa homoni ni jambo la kifiziolojia, hakuna uswahili ndani yake. Kotisoli, homoni ya msongo, ambayo kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku wa manane, ikikaa juu kwa muda mrefu hupunguza sauti ya ubongo kwa ovari, hupunguza TSH kidogo, na hupunguza kugeuzwa kwa T4 kuwa T3. Hii kwa kawaida si ugonjwa wa tezi. Ni tezi iliyopewa amri ya kusubiri. Kwa ugonjwa wa tezi kuchachamaa, ule ambao kinga ya mwili huichochea thairoidi kupita kiasi, kuna dalili kwamba misukosuko mikubwa ina mchango kwa aliyezaliwa na mwelekeo huo. Mashariki ya Serbia madaktari waliona wagonjwa wakiongezeka wakati wa vita vya miaka ya 1990. Hata hivyo, kusema msongo unaleta kila goita ni kuruka mto bila daraja. Na ile "tezi za adrenali zimechoka", yaani zile za juu ya figo, inayouzwa pamoja na kopo la vitamini haitambuliwi na wataalamu wa homoni kama ugonjwa.

Shida ni neno linalotumika kliniki. Mwanamke anakaa mbele ya daktari mwenye foleni ya watu sitini, anaambiwa "ni mawazo tu, mama, pumzika." Katika mji wenye Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, neno mawazo lina mwangwi wake, anatoka pale akisikia ameambiwa ana wazimu. Halafu apumzike wapi? Mgao wa maji kwake unafungua saa nane usiku, ndoo zinajazwa saa hiyo. Ana mkopo wa kausha damu wenye marejesho kila Jumatatu. Ana mume aliyebaki Dar es Salaam tangu serikali ihamie huku, na mtoto anayetakiwa awe kwenye gari la shule saa kumi na mbili kasoro. Kumwambia apunguze stress ni kumpa amri bila bajeti. Muuza unga, kwa upande wake, atamkalisha nusu saa na kumwita dada, atauliza habari za ndoa, atamwandikia ujumbe jioni kuuliza amelalaje. Ndiyo sababu anashinda. Hajashinda kwa sayansi, ameshinda kwa kiti na sikio, na hili mahospitali yetu yasilipuuze kwa kucheka.

Wapo watakaosema basi kila mwanamke anayelalamika apimwe TSH, tumalize maneno. Sikubali, ingawa ninaelewa hamu hiyo. Kupima kila mtu kunakula fedha na kuzaa majibu ya pembezoni yanayotisha bila kuuma. Ninachotaka ni mpangilio wa akili: damu na mimba vipimwe kwanza, historia ya dawa na krimu iulizwe, kisha thairoidi kwa yule ambaye shingo imevimba, anayetafuta mtoto bila mafanikio, aliyejifungua ndani ya mwaka na hali yake imebadilika ghafla, ambaye mikono inatetemeka na anakonda huku anakula, au ambaye mama yake au dada yake ana ugonjwa huo. Wanawake huugua thairoidi mara tano hadi nane zaidi ya wanaume. Kipimo hiki kisiwe cha kubembeleza. Kipimo ni damu inayotolewa kwenye mshipa na kwenda maabara. Kishikio cha kiganjani hakioni TSH, sawa na mizani ya nyama isivyoona sukari ya mtu.

Na aliyekwisha kugundulika na kuanzishiwa dawa, yeye ndiye ninayemhofia zaidi. Dawa ya T4 inamezwa tumboni pakiwa patupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Wengi hawaelezwi hivyo, wanaimeza na chai ya maziwa, haifanyi kazi vizuri, wanaona haina maana. Ndipo kopo la siku 21 linapoingia. Sasa angalia hila iliyomo ndani ya muda huo. T4 mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya wiki moja hivi. Mwanamke anayeacha vidonge leo na kuanza unga kesho ataendelea kujisikia vizuri siku kadhaa, pengine wiki mbili, kwa homoni iliyobaki akibani. Atarekodi ushuhuda, atautuma kwenye grupu. Akija kulemewa, miezi miwili mbele, atakuwa ameshasahau kuhusisha, na ushuhuda wake bado unazunguka.

Haya yote yangekuwa mambo ya watu wazima na pesa zao, kama si mtoto. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba kijusi hakina thairoidi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Upungufu wa iodini ni miongoni mwa sababu kubwa duniani za ubongo wa mtoto kudumaa ambazo zingeweza kuzuiwa. Na ni nani hasa anayenunua programu za kusawazisha homoni? Kwa sehemu kubwa ni mwanamke anayetafuta ujauzito. Yaani miezi ile ile ambayo mtoto asiyejulikana bado angehitaji madini joto ya mama yake, ndiyo miezi ambayo mama ameshauriwa kuyaondoa jikoni. Kliniki ya wajawazito inagawa vidonge vya chuma na foliki, jambo jema, lakini mara zote mbili nilizobeba kadi ya kliniki sikuulizwa napikia chumvi gani. Ni swali la sekunde tano.

Rafiki yangu afisa lishe ana kichupa kidogo cha maji ya kupimia chumvi, yale ya wanga yanayogeuka rangi yakikuta iodini. Mwezi uliopita tuliweka visosi vitatu juu ya meza yangu, mama wa jirani akiwa amekaa pale na chumvi yake ya pinki aliyoileta kwa kujiamini. Tone la kwanza likaangukia chumvi ya pakiti, likawa zambarau iliyokolea kama wino. La pili likaangukia ya gunia, likaacha kivuli cha bluu ambacho ulilazimika kuinama ndipo ukione. La tatu likatulia juu ya ile ya pinki kama tone la maji juu ya jiwe. Mama yule akasubiri, akakisogeza kisosi dirishani kwenye mwanga, akasubiri tena. "Labda yangu inachelewa," akasema.